Kumwandikia Wasifu Mzee Aliyekuwa Mwanamaji, Mhandisi na Mpiga Udi

Wasifu mwingi unaosomwa kwenye hitma na ibada za kumbukumbu hapa kwetu Pwani ungeweza kubadilishwa jina tu, ukasomewa marehemu mwingine, na waliohudhuria wasihisi tofauti. Alizaliwa kijiji fulani, akasoma mpaka darasa fulani, akapata kazi, akaoa, akajaliwa watoto, akaugua, Mungu akamchukua. Yote hayo ni kweli, lakini hakuna hata moja lililo lake peke yake. Mtu aliyekesha chini ya sitaha ya manowari akihudumia injini, akaja kutengeneza meli za watu bandarini, na jioni akapiga udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, barazani, ana haki ya kuandikwa vizuri zaidi ya hivyo.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Likoni, na upande wetu huu wazee wengi walipitia Mtongwe, kwenye kambi ya Jeshi la Majini la Kenya. Mwandiko wangu wajulikana mtaani, basi jamaa zao hunijia: "Mwalimu, twataka kumwandikia Baba." Ninayoeleza hapa niliyajua zaidi kwa ami yangu, ndugu mdogo wa baba, aliyefariki 2019. Alikuwa mwanamaji, kisha mhandisi kwenye chelezo, yaani mahali pa kutengenezea meli, hapa Mombasa, na muda wote huo mpiga udi wa kujifurahisha, asiyewahi kutoza mtu hata senti.

Jambo la kushika kabla ya yote ni hili: mtu wa namna hiyo ana mashahidi wa makundi matatu, na makundi hayo hayajuani. Wenzake wa meli hawajui alipiga nyimbo gani harusini. Mafundi wa chelezo hawajui kwamba aliwahi kukaa Uingereza. Wapigaji wenzake wanamjua kwa lakabu, na wengine jina lake la cheti hawajawahi kulisikia. Familia nayo inajua yote matatu, ila nusunusu. Usiketi kuandika kabla hujawaendea wote, na kama mzee wako yuko hai, nenda leo, ukaanze naye mwenyewe.

Karatasi kwanza

Msiba ukiingia nyumbani, sanduku la marehemu hufunguliwa na watu wengi. Mmoja anatafuta cheti cha hospitali, mwingine hati ya shamba, mwingine picha ya kubandika kwenye tangazo. Baada ya wiki moja huwezi kujua kilichokuwa wapi. Kwa hiyo mapema kabisa omba ruhusa ya mjane, au ya mtoto mkubwa, upige picha kila kitu kama kilivyo: sanduku likiwa limefunikwa, likiwa wazi, kisha karatasi moja moja, mbele na nyuma. Nyuma ya picha za zamani ndiko kuliko na mwandiko.

Karatasi ya thamani kuliko zote kwa mwanajeshi ni cheti alichopewa alipoacha utumishi. Humo mna tarehe ya kuandikishwa, tarehe ya kutoka, cheo cha mwisho na fani yake. Pamoja nacho tafuta kitabu cha malipo, barua za pensheni na vyeti vya kozi. Hizo ndizo tarehe utakazozitegemea wazee watakapoanza kutofautiana.

Picha hizo zikae kwako na kwa mtu mmoja wa familia. Usizitupe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nambari ya utumishi, nambari ya kitambulisho na hati za pensheni zikienea, matapeli huzitumia, na mjane ndiye anayehangaika.

Kupanga miaka ya baharini

Hapa ndipo wasifu mwingi unapokwenda mrama, kwa sababu watoto huandika walichosimuliwa utotoni. Yapo mambo machache ya historia ambayo ukiyajua utaweza kupima kila unachoambiwa.

Kabla ya Uhuru palikuwa na Royal East African Navy, jeshi la majini la serikali ya kikoloni lililokuwa na makao yake Mombasa na kuhudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja. Lilivunjwa 1962. Jeshi la Majini la Kenya lenyewe lilianzishwa Desemba 1964, mwaka mmoja baada ya Uhuru. Basi ukiambiwa mzee "aliingia Kenya Navy 1959 akatumika bila kukatika," jua kuna miaka miwili hivi katikati inayohitaji maelezo. Huenda alirudi kijijini, huenda alifanya kazi bandarini, huenda alivua samaki. Miaka hiyo ya kati aghalabu haimo kwenye cheti chochote, na kwa wazee wengine ndiyo waliyooa ndani yake.

Meli nazo zina tarehe. Boti tatu za mwanzo za doria, KNS (yaani Kenya Navy Ship) Simba, KNS Chui na KNS Ndovu, zilijengwa na Vosper huko Portsmouth, Uingereza, zikaingia kazini 1966. KNS Mamba ilikuja 1974 kutoka Brooke Marine ya Lowestoft. Madaraka, Jamhuri na Harambee zikafuata katikati ya miaka ya 1970, na Nyayo na Umoja mwishoni mwa miaka ya 1980. Ukiona picha ya kijana amesimama kando ya meli, soma nambari ubavuni: P3110 ni Simba, P3100 ni Mamba, P3126 ni Nyayo, P3127 ni Umoja. Picha isiyo na tarehe huwa imepata mwaka wake wa mapema kabisa hapo hapo, kwa kuwa haiwezi kupigwa kabla meli haijafika.

Cheo nacho kiandikwe kwa uangalifu. Jeshi letu la majini hutumia vyeo vya nchi kavu. Mkuu wake ni meja jenerali, wala hakuna admirali. Nimeona wasifu wa mzee wa Kikenya uliomwita "luteni kamanda" kwa sababu mjukuu alinakili vyeo vya Uingereza kutoka kwenye intaneti. Wenzake waliokuwa wamekaa safu ya nyuma walitazamana, na kuanzia hapo hawakuamini tena lililosomwa. Kama alikuwa koplo, andika koplo. Koplo aliyeijua injini yake hahitaji kupandishwa cheo kaburini.

Tarehe ambazo hazimo kwenye karatasi huzipata kwa matukio ambayo Mombasa nzima inayakumbuka. Usimuulize mzee, "Ilikuwa mwaka gani?" Atakupa mwaka ili akuridhishe. Muulize, "Ilikuwa kabla ya Mzee Kenyatta kufia hapa Mombasa, au baada?" Hiyo ni Agosti 1978. "Daraja jipya la Nyali lilikuwa limefunguliwa?" Hilo ni 1980. "Ilikuwa kabla ya lile jaribio la mapinduzi?" Agosti 1982. Rafiki mmoja wa ami alishikilia kuwa walitumika pamoja kwenye Ndovu wakati daraja la zamani la Nyali, lile la kuelea, bado likitumika, kwa sababu anakumbuka ami akilivuka kwa baiskeli kwenda harusini, udi umefungwa kwenye blanketi la jeshi na kubebwa mgongoni. Kumbukumbu ile moja ilinipa mpaka wa tarehe, ikanipa blanketi, na ikanihakikishia kwamba tayari alikuwa anapiga udi akiwa bado kazini, jambo ambalo shangazi, mjane wa ami, alikuwa akilipinga.

Wenzake uwatembelee nyumbani mwao, mmoja mmoja kwanza, kisha wawili pamoja. Peke yake mzee hueleza aliyoyaona yeye. Wakiwa wawili husahihishana, na katika kusahihishana hutoka majina, mizaha na chakula walichokula melini. Wakizidi wawili, mwenye sauti kubwa ndiye atakayesikika. Chukua picha au kitu cha kushika mkononi, kwa sababu mkono hukumbuka. Nilimpa mzee mmoja spana ya ami, akaizungusha kidogo, kisha akanieleza jinsi chumba cha injini cha boti zile kilivyokuwa kidogo hata mtu mrefu hakuweza kujinyoosha, joto lake, na jinsi vijana walivyokuwa wakilamba chumvi kwa jasho lililowatoka. Swali langu lilikuwa kuhusu kitu kingine kabisa.

Simu ya kurekodia iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, si juu ya meza tupu, maana kila kikombe kikiwekwa mezani kitasikika kama nyundo. Zima pangaboi. Iweke simu kwenye hali ya ndegeni isikatwe na mtu anayepiga. Rekodi dakika moja, sikiliza, ndipo uanze. Na mwanzoni kabisa ujitaje, umtaje mzee kwa jina lake kamili, mahali mlipo na tarehe. Baada ya miaka ishirini hakuna atakayekumbuka sauti hiyo ni ya nani.

Kuna siku ambazo hutakiwi kuzichokonoa. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilizama na watu 272 wakafa, karibu kabisa na kambi. Mzee aliyekuwepo siku zile, awe kazini au amekwisha staafu, pengine alisaidia kuitoa miili ya majirani zake majini. Akitaka kusema, msikilize mpaka mwisho, usimkatize kwa swali la tarehe. Akinyamaza, mpe maji, uzungumzie jingine. Na hata akisema, umuulize tena siku nyingine kama aliyoyasema yaweza kusomwa mbele ya watu. Wapo walioniambia hayo nisiyaandike, na sikuyaandika.

Sanduku la spana

Mhandisi husomwa kwa vyombo vyake. Kabla sanduku la spana halijagawanywa au kuuzwa, na huuzwa upesi sana kwa kuwa lina thamani, lifungue mchana kweupe ukiwa na fundi mwenye umri. Mwache yeye akuambie. Sanduku la ami lilikuwa na tabaka mbili. Chini kabisa palikuwa na spana za inchi, zimesuguka, za injini za Kiingereza alizoanza nazo. Juu yake spana za milimita, za injini za Kijapani zilizojaa bandarini na kwenye boti za uvuvi baadaye. Fundi alinionyesha spana moja iliyokatwa na kupindwa kwa moto ili ifikie nati iliyojificha, akasema mtu hatengenezi spana ya namna ile isipokuwa amekutana na nati ile ile mara nyingi, na hana njia nyingine.

Tafuta pia madaftari. Wahandisi wa meli waliozoea zamu huendelea kuandika hata wakistaafu: tarehe, jina la chombo, hitilafu, joto la maji ya kupozea, kilichobadilishwa. Usiyanakili yote. Chagua kazi moja au mbili ambazo mwenzake aliyekuwepo anaweza kuzieleza, uziandike kwa urefu. Ami alikuwa ameandika siku moja "bushi imekerezwa hapa hapa", maneno manne tu na mchoro mdogo kando. Nilimpelekea fundi wa kukereza wa chelezo kile, sasa ni babu. Akacheka kwa furaha, kisha akanieleza kwa zaidi ya saa nzima: meli ya uvuvi imekwama, kipuri chatoka ng'ambo, mabaharia hawana posho, samaki waanza kuharibika, na ami akachora ile bushi ya shaba kwa kalamu kwenye mfuko wa saruji, wakaikereza usiku. Maneno manne ya daftari yamekuwa ukurasa mzima wa wasifu, na ni ukurasa ninaoupenda kuliko yote.

Kuhusu masomo, tazama jina la chuo kwenye cheti. Chuo cha ufundi cha Tudor kilianza kama Mombasa Institute of Muslim Education, ambacho wazee bado hukiita MIOME. 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, 1972 Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 ni Technical University of Mombasa. Mtoto akiandika kwamba baba yake alisoma "Technical University" miaka ya 1970, ameandika jambo lisilowezekana. Andika jina lililokuwapo siku ile. Vilevile, kabla ya kuweka "Mhandisi" mbele ya jina lake kama cheo, hakikisha kwamba alisajiliwa. Kama hakusajiliwa, eleza kazi aliyoifanya. Msomaji anayejua chombo kinavyoelea ataelewa uzito wake bila kuongezewa.

Na waulize wenzake swali hili, kwa maana limenisaidia kuliko mengine: "Alikuwa akijuaje kwamba injini inaumwa?" Majibu ya swali hili hayafanani kwa watu wawili. Wako waliojua kwa rangi ya moshi, wako waliojua kwa harufu ya mafuta, wako waliogusa bomba kwa kiganja. Ami alikuwa akiweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya nozeli, mpini akiuegemeza kwenye mfupa wa sikio, akafumba macho, na kuhama silinda moja hadi nyingine. Hii ni mbinu ya mafundi wengi wa dizeli, hakuibuni yeye, lakini kwake ilikuja kuwa na maana nyingine.

Udi, kaseti na idhini ya mjane

Hii ndiyo sehemu inayotaka busara zaidi, na ndiyo inayoachwa mara nyingi.

Mpigaji wa kujifurahisha hana sahani wala bango. Waimbaji wa taarabu Zein l'Abdin na Juma Bhalo wameacha kanda zao, na yeyote mwenye redio Mombasa anazijua sauti zao. Ami ameacha kaseti mbili tu, zilizorekodiwa harusini na mtu asiyejulikana. Kaseti za namna hiyo zipo majumbani mwetu nyingi, kwenye makopo ya biskuti, na unyevu wa Pwani unaziharibu. Ukiipata moja, usiitie kwenye redio yoyote iliyo karibu. Itazame kwanza kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe juu ya utepe, hiyo ni kuvu; mpelekee mtu mwenye uzoefu, kwa sababu kuvu ile huhamia kwenye mashine na kutoka humo kwenda kwenye kaseti nyingine. Angalia kile kipande kidogo cha sponji kilicho katikati. Kikiwa kimebanduka, sauti itafifia. Vunja vile vijipande viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, ili asitokee mtu akarekodi juu yake. Kisha izungushe utepe wote taratibu mbele na nyuma kabla ya kucheza. Ya C-90, yenye dakika 45 kila upande, huvumilia. Ya C-120 utepe wake ni mwembamba na hukatika upesi.

Safisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti safi, iunganishe kwa waya na kompyuta, wala usiweke simu mbele ya spika, uirekodi katika faili la WAV la kilohezi 48 na biti 24. Saa moja itachukua karibu gigabaiti 1, nayo si kubwa siku hizi. Nakala hiyo ya kwanza usiisafishe wala kuikata. Iache na makelele yake yote. Za kusambaza utengeneze kutoka humo. Kama sauti zote zinasikika nyembamba na za haraka kuliko mlivyozijua, basi kinasa sauti kilikuwa na betri dhaifu siku ile, na programu yoyote ya sauti yaweza kupunguza mwendo mpaka zikae sawa. Mruhusu mjane awe mwamuzi wa lini zimekaa sawa. Yeye ndiye anayeijua sauti ile.

Kisha sikiliza na kalamu mkononi. Kwenye kanda za harusi watu hutunza, yaani humpa mwimbaji pesa, naye huwataja kwa majina. Majina hayo yatakuambia harusi ilikuwa ya nani, mtaa gani, na nani bado yuko hai wa kuulizwa. Kwenye kaseti moja ya ami yasikika jina la bwana harusi. Tulimpata Ukunda, naye akatupa mwaka kutoka kwenye hati yake ya ndoa. Muulize mpigaji aliyekuwepo ni nani alishika tashkota, ile ala ya nyuzi yenye vibonye, nani kodiani, nani dumbaki, na walikutana wapi kufanya mazoezi. Waulize pia wimbo aliopenda kuanza nao, na ule aliokataa kuupiga. Alioukataa hukuonyesha tabia yake.

Sasa idhini. Katika familia nyingi za Kiislamu wapo wanaoona kwamba habari za udi hazistahili kutajwa baada ya mtu kufa, na kwamba kumtaja ni kumwongezea mzigo. Usibishane nao msibani. Nenda kwa mjane, kisha kwa watoto, ukiwa na swali moja: yeye mwenyewe alisemaje mwishoni? Kama aliuacha udi na akasema ameuacha kwa ajili ya Mungu, liandike hilo kwa heshima, na muziki uutaje kama sehemu ya ujana wake. Kama hakuuacha, usimwandikie toba ambayo hukuisikia. Kumsingizia maiti wema ni kumsingizia vilevile. Ami aliufunika udi wake Ramadhani nzima, alinyamaza kila adhana iliposikika, na aliendelea kupiga mpaka vidole vilipomkatalia. Shangazi alijua hivyo, na mwisho alikubali kiandikwe hivyo hivyo.

Njia tuliyoitumia ni kuandika maandishi mawili. Ya kwanza, kurasa mbili, yalisomwa siku ya arobaini: ukoo wake, bahari, chelezo, majirani aliowatengenezea pampu za visima bila malipo, na dua. Muziki haukutajwa pale, wala hapakuwa na uongo, kwa sababu si kila la mtu husemwa kila mahali. Ya pili ni marefu, ni ya nyumba, na udi umo kwa ukamilifu. Familia ya Kikristo kwa kawaida haina tatizo hili, na wimbo alioupenda waweza kupigwa ibadani. Hata hivyo mwulize mchungaji au padri mapema, msije mkakatazwa mbele ya umati.

Chombo chenyewe mkitunze. Udi una nyuzi kumi na moja kwa kawaida, na mkazo wake ni mkubwa. Legeza kila uzi kidogo, usizitoe zote kwa pamoja. Usiutundike ukutani panapopigwa na jua wala kuuacha ndani ya gari, kwa sababu gundi ya asili huyeyuka na uso wa mbao hufunguka. Mpe anayejifunza kupiga, kama yupo.

Kuandika kwenyewe

Ukishayakusanya hayo, utajaribiwa kuyapanga kwa sura tatu zinazolingana: jeshi, kazi, muziki. Usifanye hivyo. Maisha yake hayakulingana, na sehemu moja itakuwa na habari nyingi kuliko nyingine. Ami alikaa jeshini miaka mingi, lakini mambo mengi ya wakati ule hawezi mtu kuyaandika, na mengine yalikuwa zamu zinazofanana usiku hata usiku. Nikayapa kurasa chache. Chelezo kilipata nyingi.

Badala yake tafuta tendo ambalo mashahidi wa makundi yote matatu wamelitaja bila kushauriana. Kwa ami, lilikuwa kusikiliza. Wenzake wa meli walilisema, mafundi walilisema, na mpigaji tashkota mmoja, ambaye hakuwahi kufika chelezoni, akaniambia kwamba mzee yule alikuwa akitia udi wake sauti huku kidevu kimegusa mbao. Nikaandika hivi:

"Alipoweka bisibisi juu ya injini, vijana walinyamaza bila kuambiwa. Alihama silinda moja hadi nyingine, kisha akasema, 'Ya nne,' nao wakaanza kufungua ya nne. Kelele za chumba cha injini zilikuwa zimemla sikio la kushoto tangu enzi za Ndovu. Jioni alikaa barazani, akaegemeza kidevu kwenye udi, akavuta uzi, akausikiliza kwa mfupa."

Tazama kwamba sikuandika alikuwa hodari, wala mnyenyekevu, wala mpenda kazi. Maneno hayo kila marehemu huandikiwa. Nimeandika alichofanya, na waliomjua wakakiona. Ukijikuta umeandika sifa, jiulize ni nani aliyekueleza, na alikuwa ameona nini mpaka akasema hivyo; andika alichokiona. Kasoro zake nazo, zile ambazo familia yenyewe huzitaja kwa kicheko, zipe nafasi ndogo: ami hakuweza kumwachia mtu mwingine ajaze mafuta kwenye stovu, na alimkatiza kila mtu aliyekosea jina la kipuri.

Majina ya wenzake uyaandike tu kama wamekubali. Makosa ya waajiri na wakubwa, hata kama ni ya kweli, hayana mahali kwenye wasifu. Yakihitaji kusemwa, yana mahakama yake.

Maandishi yakiisha, yapeleke kwa shahidi mmoja wa kila kundi na umsomee kwa sauti, maana macho ya wazee yamechoka na wengi wataitikia "sawa, sawa" wakipewa karatasi. Mwenzake wa meli atakusahihisha jina la chombo, fundi atakusahihisha kipuri, mpigaji atakusahihisha wimbo. Usikasirike wakibishana na familia. Pale ambapo mashahidi wawili wanaoaminika hawakubaliani, andika kauli zote mbili na uwataje wote wawili.

Yatakayosomwa mbele ya watu yasizidi dakika kumi, na msomaji awe mtu asiyelia haraka. Kwetu alisoma mjukuu wa kike wa ami, aliyekuwa amefanya mazoezi mbele yangu. Yale marefu uyachape kwa herufi kubwa, uyatoe nakala, na kila nakala ifungwe pamoja na picha za karatasi muhimu, nambari za utumishi zikiwa zimefunikwa. Nakala moja ibaki kwa mjane, moja kwa kila mtoto, na moja umpelekee mwenzake wa meli, moja chelezoni, moja kwa wapigaji wenzake. Kaseti ya asili na faili la WAV vikae nyumba mbili tofauti. Na kabla sauti yake haijatumwa kwa mtu yeyote nje ya ukoo, mwulize mjane kwanza, hata kama alikwisha kukubali mwanzoni.